Ndugu Wote wa Nahodha

Nini hasa kiliishusha presha ya Nahodha, mpaka leo sijui. Kila mtu ana jibu lake, na hakuna lililonitosheleza. Nyumbani mashine yake ilimpa presha ya kijana. Akikanyaga tu zahanati ya macho, inapaa kama fataki ya mwaka mpya. Mara mbili alishavikwa gauni la upasuaji, na mara mbili akarudishwa nyumbani na mtoto wa jicho wake. Daktari alisema hafungui jicho la mtu ambaye damu inamchemka, akampa nafasi ya mwisho, Alhamisi. Baada ya hapo, alisema, mtoto atakuwa amekomaa, na kumtoa itakuwa kazi ya hatari. Jumanne ya wiki hiyo tulikuwa kwenye benchi letu, chini ya baraza ya duka la kahawa la Simenti, na mvua ya Keelung, mji wetu wa bandari hapa Taiwan, ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, yaani bila sababu. Sisi wa benchi hilo tunajuana tangu enzi za kunong'ona: wanaume tunaopenda wanaume, na Simenti, mwanamke anayependa wanawake, aliyesimamia mafundi wa zege miaka mingi na ambaye kahawa yake nayo inaganda. Nahodha hakuwahi kuongoza chombo chochote. Alikuwa mpishi kwenye boti ya kuvuta meli. Pembeni yake alikaa Bun-siong, mwenzake wa maisha, mtu wa maneno machache, akimmenyea karanga za kuchemsha na kumwekea kiganjani, maana siku hizo Nahodha alikuwa anatafuna pamoja na maganda.

— Tatizo ni lifti, alisema Redio, kinyozi mstaafu ambaye hana kitufe cha kuzimia. Zahanati iko ghorofa ya sita. Wewe unapandishwa mbio, damu inabaki chini, halafu inakuja kukutafuta kwa hasira. Haraka haraka haina baraka.

— Mara ya pili nilipanda ngazi, Nahodha akasema.

— Mbaya zaidi! Damu ilifika kabla yako.

— Redio, tupumzishe, alisema Simenti akimimina kahawa. Ni yale mapazia. Ya kijani, si ndiyo? Mtu mwenye mtoto wa jicho akiona kijani kinayumbayumba anadhani ni bahari. Mwili unakumbuka dhoruba.

— Mimi dhoruba sikuiogopa hata siku moja. Boti imelala ubavu, mimi nakaanga samaki.

— Unakaanga au unaunguza?

— We ulikula?

— Damu nzito kuliko maji, Redio akadakia. Wahenga hawakukosea. Yako imezidi uzito, ndiyo maana inasukuma. Ichanganye na maji. Chemsha ndevu za mahindi, kunywa jagi zima, utaona.

— Nitaona nini, na jicho lenyewe ndilo bovu?

Nami nikatoa shauri langu, kwamba labda apimwe amelala. Simenti akaniuliza kama nilitaka alale kwangu. Nikarudi kwenye kahawa yangu.

Hapo ndipo Bi Yeh alipofika, mwavuli ukimchuruzika. Ni mtafiti wa saikolojia kutoka chuo kikuu kimoja cha Taipei. Anachunguza jinsi kutengwa na kujificha kunavyokaa ndani ya miili ya wazee kama sisi. Simenti ndiye aliyemwalika.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Redio alipaza sauti. Yaani mgeni ananunua kahawa.

Bi Yeh akaagiza, akakaa kwenye ncha ya benchi, akamwacha Redio amsimulie lifti, mapazia na mahindi. Hakucheka. Alimgeukia Nahodha.

— Mzee Hung, zahanati unakwenda na nani?

— Na huyu hapa.

— Nesi akikuuliza huyu ni nani kwako, unamjibuje?

Bun-siong akaacha kumenya.

— Inategemea na nesi, Nahodha alisema mwishowe.

— Inategemea vipi?

— Yule mnene nilimwambia binamu. Yule wa zamu ya asubuhi nikamwambia shemeji. Yule wa miwani... mtoto wa baba mdogo.

— Baba mdogo! Redio nusura amwage kahawa. Wewe ni Hung, yeye ni Kho. Huyo baba mdogo alipotelea ukoo wapi?

— Ndicho alichouliza nesi. Nikasema alilelewa na jirani.

— Enhe?

— Akauliza jirani gani.

— Ukamjibu nini?

— Hapohapo ndipo aliponifunga ule mpira mkononi apime presha.

Simenti alicheka mpaka akashika nguzo. Bi Yeh naye safari hii alicheka kidogo, halafu akasema taratibu:

— Kwa hiyo ukifika pale una kazi mbili. Kupona, na kukumbuka leo huyu ni nani.

— Lakini jamani, Nahodha, alisema Simenti akijifuta macho. Siku hizi watu kama sisi wanaoana mbele ya serikali, kweupe, na keki juu. Wewe unamwogopa nesi?

— Sheria imebadilika, Simenti. Mishipa yangu haijapata habari.

Tulicheka, ila yeye hakucheka.

— Mnamkumbuka A-Tsuan? akauliza. Alipokuwa anakata roho, mtu wake alisimama kwenye korido na chupa ya supu. Wodini ni ndugu tu, walisema. Alisimama mpaka supu ikapoa. Sasa mimi nikisema huyu si ndugu, wakamtoa nje, nani atanishika mkono?

Hakuna aliyekuwa amemsahau A-Tsuan.

— Wengi wameniambia hivyo, alisema Bi Yeh. Mwenye siri ni kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo wake. Hata asipokuja mtu, mgongo unachoka. Ila kama ndiyo hasa inayopandisha presha yako, siwezi kuapa. Mtu mmoja si ushahidi.

— Mmoja wapi, alisema Redio. Pale zahanati wanajua Bun-siong wako watatu.

Jambo kubwa namna hiyo hatukuweza kuliamua wenyewe. Pembeni mwa duka kuna kibanda cha Mungu wa Ardhi, na ndani yake vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali; vyote chali, anacheka. Jambo zito linataka akubali mara tatu mfululizo. Nahodha akaviinua.

— Bun-siong awe binamu, au awe shemeji?

Akarusha. Vyote chali.

— Anacheka, nikamwambia, maana hakuona.

— Awe shemeji, au mtoto wa baba mdogo?

Chali tena.

— Wewe mzee! Simenti akafoka. Mungu haulizwi "au". Uliza jambo moja, akujibu ndiyo au hapana. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Nahodha akainama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akarusha: ndiyo. Akarusha tena: ndiyo. Mara ya tatu kipande kimoja kikaruka, kikapita chini ya benchi, kikaingia mferejini na kuondoka na maji.

— Mungu amekataa kuwa shahidi, alisema Redio.

— Hapana, akasema Nahodha. Ameniachia mwenyewe.

Likaamuliwa: Alhamisi, akiulizwa, Nahodha atasema neno moja, "mwenzangu". Tukamfanyisha mazoezi, Simenti akiwa nesi, kitambaa cha meza kichwani.

— Mzee, huyu ni nani kwako?

— Bin...

— Anza upya!

Alhamisi tulikwenda wote. Redio alibeba chupa ya maji ya ndevu za mahindi, na Nahodha aliinywa yote ili apate amani. Tuliketi karibu na mlango, na nesi aliyekuja alikuwa yule wa miwani.

— Mzee Hung, huyu uliyekuja naye ni nani kwako?

Nahodha alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, kama samaki juu ya barafu. Simenti alikuwa ananifinya paja. Bun-siong akaweka mwavuli chini.

— Mimi ni mwenzake, alisema. Nyumba moja, kitanda kimoja, na anakoroma.

Nesi akamtazama.

— Na yule binamu?

— Ni mimi.

— Shemeji?

— Mimi.

— Na yule mtoto wa baba mdogo, aliyelelewa na jirani?

— Huyo hata mimi alinichosha.

Nesi akavuta kiti, akakiweka upande wa pili wa Nahodha.

— Afadhali, alisema. Ninyi wote msingetoshea humu. Kaa hapa umshike huo mkono mwingine, mimi nipime huu.

Bun-siong akakaa, akaushika, na mashine ikasoma presha ya kijana.