Pampu Haiuzwi Peke Yake

Nilikaa kwenye benchi la kahawa kupumzisha miguu, si kwamba nilitaka kahawa. Mwanangu begani, kifua kinapiga filimbi, pampu yake ya pumu imeisha tangu alfajiri, na maduka mawili ya dawa, yote yana bango la bei mpya ya serikali mlangoni, bei nafuu kweli, yote mawili yameniambia neno lile lile: pampu ipo, ila haiuzwi peke yake, inakwenda na kopo la vitamini. Hela niliyokuja nayo ni ya pampu. Ya kopo niitoe wapi? Nikawaeleza wenye benchi na mzee wa kahawa yote hayo kwa pumzi moja, nao wakanisikiliza huku wanatafuna karanga.

— Sasa shemeji, bei si imeshuka? akaniuliza Wakili, ambaye sheria kaisomea hapo hapo kwenye benchi.

— Imeshuka, kaka. Dawa ndiyo sijapata.

— Basi sheria imefuatwa. Bango limetaja bei ya pampu. Halijasema kopo likae mbali.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Fundi Cherehani. Bei ni ngeni, kamba yake ndiyo hilo kopo.

— Fundi, methali hiyo haihusu dawa.

— Inahusu chochote chenye kamba.

Profesa, muuza magazeti, akashusha sauti.

— Hawa wamekaa kikao. Maduka mawili yasiyosalimiana yatatajaje kopo moja?

— Wamekaa wapi?

— Msibani. Msibani nani atakuuliza umefuata nini?

— Mimi naona makubwa zaidi, akasema Fundi. Vumbi la barabara hii wanalimwaga wenyewe usiku, watoto wabanwe vifua.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwanangu alivuta pumzi, mbavu zikajichora chini ya fulana.

Hapo akavuka barabara dada mwenye koti jeupe, wa duka la pili, yule yule aliyenikatalia. Hakunitazama.

— Shikamoo babu. Nipe kikombe kimoja.

— Marahaba. Chukua na karanga, akasema mzee wa kahawa.

— Karanga sitaki.

— Baraza la mji limenishushia bei ya kahawa, mjukuu wangu. Tangu jana haiuzwi peke yake.

Taya zikasimama benchi zima. Wakili akazitazama karanga zake kiganjani kama mtu aliyetema jino.

— Lakini babu, mimi nimekuja kunywa kahawa tu, akasema dada. Karanga zinanihusu nini?

Benchi zima likanitazama mimi. Dada akageuka kuona wanatazama nini, ndipo aliponiona. Nilimgeuza tu mwanangu begani, polepole, kifua chake kikaelekea kwake, tukakisikiliza wote.