Bwana Koki na Bomba la Pili

Bwana Koki ameitumikia idara ya matengenezo ya hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anarudisha spana zake stoo na kustaafu. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu ndimi niliyempokea kazini, na kwa mabomba hapa hakuna aliyenifikia mpaka leo, ingawa nilishastaafu. Shule niliichungulia tu dirishani, kwa hiyo mtanivumilia.

Alikuja mwembamba kama waya, mfukoni ana koki ya shaba. Hata siku ya harusi yake alikuwa nayo. Jina likamganda.

Mabomba yote ya jengo hili ameyashika, lakini kazi yake kubwa ni tangi la samaki lililo ukutani, wodi ya mapafu. Maji yaliyozidi yalishuka kwa bomba moja mpaka tangi la chini, pampu ikayarudisha juu. Bomba lile lilikuwa linameza maji na hewa pamoja, likikoroma kama mtu anayekabwa. Na humo humo wodini watu wanatafuta pumzi!

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, mkewe alilazwa kitanda kilicho jirani na tangi. Shemeji yule alikuwa na utani mpaka mwisho. "Baba watoto," alimwambia, "huyo mgonjwa wa ukutani ana hali mbaya kuliko mimi. Mtibu kwanza yeye."

Koki alimtibu siku tatu. Aliifunga koki yake ya shaba kwenye bomba, akaibana kidogo kidogo mpaka bomba likajaa maji matupu, hewa ikakosa pa kupita. Mkoromo ukafa. Kisha akaweka bomba la pili, juu kidogo ya lile la kwanza. Humo maji yalichuruzika kidogo tu, yakisikika kwa mbali. Nikamwambia kazi hiyo ni nusu. Akanijibu, "Kaka, hilo liache liongee. Siku likipiga kelele, ujue mwenzake ameziba."

Shemeji akapata usingizi siku tano. Ya sita hakuamka.

Miezi miwili baadaye, Jumapili mchana, wodi ikajaa maji. Wagonjwa sita walitolewa na vitanda vyao. Tangi la chini likakauka, pampu ikaungua, samaki kumi na tisa wakafa. Faili la ofisi linasema: uzembe wa fundi. Koki akapewa barua ya onyo, na usimamizi aliokuwa anaungojea nikapewa mimi.

Sasa nasema. Bomba la pili lilikuwa na sponji ndani, na sponji hiyo niliitia mimi. Nilitaka watu waseme ni mimi niliyemaliza kelele kabisa. Konokono wa mle tangini alipoziba bomba la kwanza, la pili halikuweza kunywa maji wala kupiga kelele.

Koki aliing'oa sponji ile kwa mkono wake, akanitazama, akaitia kwenye mfuko uliokuwa wa koki. "Wewe una watoto wanne shuleni," akasema. "Mimi nilichokuwa nakilinda wodi ile kimeshazikwa." Nikanyamaza miaka kumi na tisa, nikisifiwa.

Naiomba ofisi itoe barua ile kwenye faili lake kabla ya Ijumaa, na karatasi hii ikae mahali pake. Nimetia dole gumba chini.

Bwana Koki, ahsante kwa kila mgonjwa aliyelala usingizi wodi ile. Sponji yangu, kama bado unayo, nirudishie Ijumaa mbele ya watu wote. Na huko uendako tunakuombea afya, wajukuu watundu, na nyumba isiyo kimya.