Bustani Katikati ya Njia ya Boti

Marehemu dada yangu, tuliyemwita Kasa, alizaliwa kisiwani hapa tarehe 14 Machi 1971. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alitembea polepole na hakusahau kitu.

Alisoma hapa hapa, kisha akavuka kwenda chuo kikuu, akahitimu mwaka 1996 katika elimu ya viumbe wa bahari. Mwaka uleule aliajiriwa na hifadhi ya bahari kama mtaalamu wa matumbawe.

Mwaka 2001 aliolewa na fundi wa injini za boti. Kwa kuwa fundi alichelewa miadi yao ya kwanza, Kasa alimsubirisha siku ya ndoa hadi wageni wakasinzia. Alipofika alimnong'oneza, "Sasa tumelipana."

Tarehe 3 Agosti 2009, mwenye hoteli, ambaye kiti chake nimekiweka safu ya mbele makusudi, alilipua matumbawe kwa baruti apate njia ya boti zake. Samaki walielea matumbo juu. Kasa alilia mbele za watu, na mwenye hoteli akamwambia, "Mama, mawe tu hayo." Sikumsamehe, na leo sikuja kumsamehe.

Baadaye mtu huyohuyo alitaka bustani ya matumbawe ya kuvutia watalii. Akanunua fremu za chuma, akatia saini hati za mradi, akapiga picha na Kasa huku meno yote nje. Hakuuliza bustani itakaa wapi. Bahari anaijua kupitia dirishani. Kasa alifunga vipande vilivyonusurika kwenye fremu, akavipanda katikati ya njia ile ile ya boti. Vilikuwa vifupi, boti zikapita juu. Kasa hakuwa na haraka. Matumbawe yakarefuka, pono walirudi, pweza wakahamia. Siku fundi alipoleta nyumbani propela ya hoteli iliyopinda, mkewe aliitundika sebuleni, kisha akaenda kuikumbusha hifadhi sheria yake: tumbawe hai haliguswi.

Mwaka 2022 aligundulika ana saratani ya ini. Kila asubuhi, kabla ya dawa, aliuliza, "Wamefunga?" Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, hifadhi iliweka maboya, njia ikafungwa. Fundi alipompa habari alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alifariki Jumatano, mikono yetu ikiwa mikononi mwake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mimi dada yake, na bustani yake, hai.

Ndugu mwenye hoteli, asante kwa shada. Kasa wetu apumzike kwa amani. Wewe na boti zako, zungukeni.