Mustari Chini ya Tumbo ya Tembo

«Muambie yaya yangu, siku ya Mungu, kisha misa, nitasugua makuta yangu na muchanga mupaka itangaa, na famille yote itaona mwizi ni nani.» Njo vile mudogo yangu Aurélie alikutuma kwangu, miye mukubwa yake, Méschac, na njo vile uliniletea siku ya ine ya hii juma, gari yako ya samaki ingali inanguruma. Ukaacha hii maneno ku mulango yangu sawa mutu anaacha kichwa ya samaki, ukapita. Leo unarudia Chienge kwake, alors hautapita. Ikala. Samaki yako ya chisense imesha kukauka, haitakimbia.

Unajua ile banc ya Vicky, pale minibus ya Mansa inangojea batu. Iko na miguu tatu, ya ine ni tofali. Vicky anauzisha kahawa mu birika moja, ikiisha imeisha, unaenda kwako. Pale njo Avocat, wakili wa banc, anaikalaka. Jina yake ya kweli ni Antoine, aliuzisha samaki myaka makumi tatu, mu tribunal hajaingia ata siku moja, mais kila mutu mwenye kupita anamukatia maneno. Na kando yake Boyd, wa kutengeneza matelefone. Ule ni Mubemba, Swahili yake ni ya soko tu, na tunamuita Volti juu kila kitu anataka kutia mu kurent. Siku ya ine, wakati ulipita, nikaenda pale, nikafungua kitambaa, nikaweka makuta yangu, ile sarafu ya zamani, pa magoti ya Avocat.

— Hii ni nini, kambo Mathilde? akaniuliza, juu pale banaitaka bibi muzee kambo. Kifungo ya koti?

Ilikuwa nyeusi sawa chini ya nyungu. Nikamuambia ni makuta ya feza, ya wakati ya Babeleji, kule ndani muko tembo. Baba yetu alikuwa anavusha batu na bwato, muzungu moja akamulipa makuta za vile, si moja tu. Baba hakujua kuandika. Kila mutoto wake, wakati meno inaanza kutoka, alikuwa anatoboa moja, anakwaruza mustari na musumari chini ya tumbo ya tembo, anamufunga mu shingo. Miye wa kwanza, mustari moja. Aurélie wa nyuma, mustari mbili. Tulikomaa tunajua vile. Mais hakuna mutu alisha kuona ile mistari tena, juu mama alichunga makuta zote mbili mu kopo, juu ya jiko yake, na moshi ikazikula.

Tulivuka mupaka ya inchi kukimbia vita, tukafika Kenani, kambi ya bakimbizi, mama alikuwa amesha kufa. Kopo ilikuwa mu kifurushi yangu. Nikafungua, nikabeba moja, nikapatia Aurélie ingine. Akaangalia tundu. Akasema yake ilikuwa na tundu ku mukonga ya tembo, na ile ya mukonga niko nayo miye. Nikasema ya mukonga ni yangu, yake ni ya mukila. Depuis ile siku, mukonga na mukila. Hakukuja ku kilio ya bwana yangu. Miye sikuenda kuona bajukuu bake. Batu banatuuliza mulikosana juu ya nini, tunasema juu ya tundu.

Na nikuambie kitu sikuambiaka mutu. Ile makuta nalala nayo. Mara mingi ukucha yangu inapita chini ya tumbo ya tembo, inasikia kitu. Mustari moja, ao zaidi, sikutaka kuhesabu. Natoaga mukono.

Bon. Mu banc, kila mutu na dawa yake.

— Muchanga, Avocat akasema. Muchanga ya ku maji ya lac na majivu. Dakika kumi tu.

— Muchanga inakula, Vicky akamujibu. Sahani yangu ilikuwa na maua na majani. Sasa maua hakuna, nimebakia na majani.

— Awe, apana, bamayo, Boyd akasema, na Kibemba yake bamayo ni mama. Leta maji ya batri ya gari. Kidogo tu.

— Na vidole ya kambo?

— Vidole anatoa mbele.

Vicky akaleta maneno ya dawa ya meno, Avocat akasema dawa ya meno ni ya meno. Mutu moja mwenye kungojea minibus akasema ndimu, mwingine akasema Coca. Njo Avocat akasimama, sawa kila siku akikosa ya kusema. Akatuambia ile nyeusi haiko uchafu. Feza inakamata weusi kama iko kwa mutu mwenye uongo. Kwao, anasema, zamani, mulopwe, mufalme yao, alikuwa anaitia mu kinywa ya batu mbili benye kugombana, na mwenye kwake inatoka nyeupe njo anabeba shamba. Tutie mu kinywa yangu usiku moja, kisha mu kinywa ya Aurélie.

— Akiimeza? Vicky akauliza.

— Akiimeza, tunangojea.

Boyd akasema weusi inatoka mu hewa. Ni hewa ya samaki. Hii feza yote ya hapa Nchelenge ni nyeusi juu ya chisense, na mutu akiipeleka Lusaka, mu njia tu, mbele ya kufika Mansa, itaanza kuwa nyeupe yenyewe. Avocat akamuuliza juu ya nini yeye alirudia na ule weusi wote, yeye mwenye alienda Lusaka mara mbili. Boyd hakukasirika. Akakamata waya yake ya kuchaji, akasema basi yeye atie kurent ku mukila, atie kurent ku mukonga, tuone.

Miye nikafunga mukono juu ya makuta. Nilikuwa nacheka nao, mais mu roho nilikuwa na siku ya Mungu. Weye unamujua Aurélie. Anasugua nyungu mupaka inatoboka. Na muchanga yake, alama ya musumari ya baba haitabakia. Mutu atamuonyesha nini kisha pale?

Njo Vicky akaweka kikombe chini.

— Kambo, miye niko na njia, mais musinicheke.

Akatuambia siku moja alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amesha kutia chumvi na soda, ile ya kulainisha majani, mu sufuria ya alumini. Chaîne yake ya feza, ya marehemu mama yake, nyeusi tii, ikakatika ku shingo, ikaangukia ndani. Akaitafuta na kijiko. Ikatoka nyeupe sawa siku ya kuinunua. Hakuisugua, hakufanya kitu. Mais sufuria, kule chaîne ilikuwa imelala, ikabakia na alama nyeusi sawa nyoka.

— Na sombe? Avocat akauliza.

— Tuliikula.

— Donc ule weusi muko naye mu tumbo.

— Weusi ilienda mu sufuria, si mu tumbo. Leta nikuonyeshe.

Akaileta kweli. Nyoka iko mupaka leo. Boyd akaikamata, akaigeuza ku jua, akasema kitu na Kibemba, pole pole, sawa mutu mu kanisa. Hakuna mutu alijua juu ya nini alumini inakubali kubeba uchafu ya mwingine.

Mais maji ya moto ilikuwa ile ya birika tu, ya kupikia kahawa ya mwisho. Vicky akaniangalia. Nikasema sasa ni weye. Akaimwanga mu sufuria, chumvi, soda, na nikaachilia makuta chini kabisa, igusane na alumini. Avocat akaangalia kikombe yake yenye kubakia wazi, akasema hii kesi imesha kumukulia kahawa.

Ikatoka harufu ya mayai ya kuoza. Batu ba minibus bakasogea. Siye tukainama, vichwa ine juu ya sufuria moja. Weusi ikakuwa kahawia, kahawia ikakuwa manjano sawa mafuta, pole pole, hakuna mutu anaigusa. Sikio ikatoka kwanza. Kisha mukonga. Kisha tembo akafungua jicho, Méschac, jicho miye sikulionaka depuis niko mutoto. Hapa chini sufuria ikakamata weusi, mviringo, sawa sawa na makuta.

Vicky akaitoa na kijiko. Nikaipangusa na kitenge, bila kukaza. Nikaogopa kuiangalia ku tumbo. Boyd njo akaona mbele, ana macho ya kutengeneza vitu vidogo.

— Ziko mbili, bamayo.

Mistari mbili. Chini ya tumbo, moja kando ya ingine, ya pili imepinda kidogo. Mukono ya baba.

Avocat hakucheka. Akaniambia na sauti ya mutu mwenye kuwa rafiki:

— Kambo, mbili ni ya Aurélie. Weye njo ulibeba yake.

Nikaikala. Myaka yote ile nilimuita mudogo yangu muongo mbele ya batu, mbele ya bakwe, ata mbele ya padri. Vicky akakamata mukono yangu. Nikatafuta kikombe, na kahawa hakuna.

Pale banc, ku mwisho, kulikuwa mwanamuke moja, Chewe, anangojea minibus ya kuenda Mansa na kuku wake mu kikapu. Tangu asubui alikuwa anatusikiliza. Swahili yake ni ya kuulizia bei. Akanisogelea, akaonyesha ile mistari na kidole, akauliza:

— Bamayo, mbele ya kukuzaa weye, mama yako alizaa mwingine?

Nani atajibu? Baba ni mufu, mama ni mufu, mashangazi ni bafu, na hakuna mutu aliuliza siku moja. Minibus ikapiga honi, ule mwanamuke akabeba kuku wake, akaenda.

Na miye nikakumbuka mama. Akituita kula, alikuwa anatuhesabia ku vidole. Kidole kidogo anakikunja, anakipita bila kusema kitu. Yenye kufuata, Mathilde. Yenye kufuata, Aurélie. Nilizania njo vile batu ba kwao banahesabiaka.

Sasa sikiliza muzuri, juu nitakuomba unirudilie maneno yote. Ile ya Aurélie iko na mustari moja, ao iko na tatu. Ikiwa moja, miye njo niko mwizi, nitakuja Chienge, nitapiga magoti mbele ya batu bake bote, na nitamurudishia tembo wake. Ikiwa tatu, hakuna mwizi. Alors tulikuwa na yaya, miye na yeye, mutoto mwenye alifikia kuota meno, mwenye alivalishwa makuta na akazikwa nayo. Na miye, mwenye banaita yaya tangu zamani, sikumuita yeye yaya ata siku moja, na hakuna mwenye alimulilia kati yetu.

Mais akisugua na muchanga, hatutajua.

Kamata hii karatasi, ni soda, Vicky alinipimia. Muambie maji ya moto, chumvi, sufuria ya alumini, asiguse, angojee harufu. Ao muzuri zaidi, angojee miye. Siku ya Mungu nitakuwa kule mbele ya misa. Mukonga, mukila, tutaongea nyuma.

Bon, rudilia nisikie. Apana, anzia ku muchanga. Muambie kwanza: yaya anasema, usisugue.