Gari Bado Liko Yadi

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, mbele ya banda la fundi wa matairi, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Ubao umebonyea katikati kwa uzito wa miaka mingi, kwa hiyo ukikaa mwishoni unateleza polepole mpaka unagusana bega na jirani, upende usipende. Mzee Breki alipenda. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini ndiyo sababu kila asubuhi alichagua mwishoni, hata birika la Mama Kahawa likiwa halijachemka. Jina la Breki alipewa hapo hapo. Alikuwa dereva wa mabosi tangu ujana mpaka kustaafu, na kila njia panda alisimama kabisa na kuchungulia kulia na kushoto, hata barabara iwe tupu kama sahani ya jana. Asubuhi hiyo alikuja mapema kuliko siku zote, simu ameishika mkononi badala ya kuiweka mfukoni.

— Shikamooni jamani, au niseme hamjambo? Sijui leo nani mkubwa, alisema akikaa.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Spana, fundi wa matairi, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Alikuwa amechuchumaa juu ya tairi na wote wawili walicheka.

— Kaa vizuri, Mzee Breki, Mama Kahawa akasema. Leo una sura ya mtu aliyelala na viatu.

— Nimelala nalo tena lile swali. Ule mpango wa ulinzi wa gari, niuchukue nisiuchukue?

— Wiki ya tatu hii! Spana akapiga kelele. Mzee, mtu angekuwa ameshachumbia, ameoa na ameachika!

Habari yenyewe kila mtu pale kijiweni aliijua. Binti yake Mzee Breki, mtoto pekee, anafanya kazi ng'ambo, na huko huko akamnunulia baba yake gari jipya, la kutoka kwenye karatasi za nailoni. Gari likafika yadi ya wauzaji ya hapa mjini. Hapo wauzaji wakatoa jambo la pili: mpango wa ulinzi. Unalipa zaidi, wanapaka dawa juu ya rangi na dawa ya kutu chini, wanakinga vioo na viti, na waranti ya kiwanda ikiisha, wao wanaendelea kuitengeneza injini kwa miaka mingine. Lakini ni lazima useme ndiyo kabla gari halijatoka getini. Binti akasema, "Baba, wewe ndiye dereva, amua wewe."

Mzee Breki jibu alilijua siku ile ile. Waranti ya kiwanda ilikuwa inatosha, na mpango wa wauzaji ulikuwa hauanzi mpaka hiyo iishe. Vitu vinavyokufa mapema kwenye gari, yaani pedi za breki, betri, matairi na mikanda, mpango ulikuwa umeviruka vyote. Gari alilolijua yeye lilitaka mafuta kwa wakati na maji safi, basi. Angeweza kusema hapana kabla hajamaliza chai.

Ila kabla ya gari hilo, simu ya binti yake ilikuwa inakuja mwisho wa mwezi, fupi kama salamu ya watu wanaopishana darajani. Shikamoo baba, marahaba mama, dawa umemeza, nimemeza, haya baba. Kisha nyumba inarudi kimya, na yeye anabaki amesimama dirishani, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao unashika, akiitazama simu mpaka taa yake izimike. Tangu gari lifike, binti anapiga kila siku wakati wa mapumziko ya kazi. "Baba, umeamua?" Naye Mzee Breki anasema, "Bado kidogo, mama, kuna jambo sijalielewa," halafu anatoa swali. Binti anawapigia wauzaji kuwauliza, kesho yake anarudi na majibu, na Mzee Breki anatoa swali jingine.

Maswali hayo alikuwa anayatoa kijiweni. Hiyo ndiyo kazi yake ya kustaafu. Anakaa, anatupa neno, watu wanabishana, yeye anaokota lililo bora na kwenda nalo nyumbani. La Spana, kwamba panya wa yadi wanapenda kutafuna nyaya mpya kuliko za zamani, ndilo lililompa simu ndefu kuliko zote. Binti alicheka mpaka akakohoa, na Mzee Breki alikwenda kulala akiwa bado anakisikia kile kicheko.

— Leo ndiyo mwisho, alisema sasa. Yadi wamechoka. Kuna magari mengine yanashushwa, langu linatoka mchana huu, ulinzi uwemo usiwemo. Binti atapiga asubuhi hii kutaka ndiyo au hapana.

— Basi ni leo hukumu! alisema Jaji, akisogeza kikombe. Jaji hajawahi kuhukumu hata kuku. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kuwa shahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu hapo hajapona. — Mimi nasema uchukue. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Rangi nayo ipake ikiwa mbichi.

— Samaki na rangi wapi na wapi?

— Vyote vina magamba. Endelea kusikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Gari lina ukuta?

— Lina bodi. Bodi ni ukuta unaotembea.

— Mzee, usimsikilize huyu, Spana alisema, akiinuka na kujifuta mikono kwenye suruali. Hao watu wa yadi ni wajanja wa mjini. Mimi nimeona mambo. Ile dawa ya rangi ni maji ya sabuni. Wanakuoshea gari kwa bei ya kulizika.

— Una ushahidi? Jaji aliuliza.

— Ushahidi gani tena? Gari jipya linang'aa lenyewe! Ukilipaka dawa linang'aa, usipolipaka linang'aa. Sasa utajuaje kama walipaka?

Mzee Breki aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo lilikuwa zuri. Utajuaje kama walipaka. Lingeweza kumtosha kesho, kama kesho ingekuwepo.

— Na hiyo ni ndogo, Spana akaendelea, sauti ikishuka kama mtu anayeuza siri. Gari za siku hizi zina kidude ndani, kinajua siku ya kufa. Kiwanda wanajua. Wauzaji wanajua. Waranti inakwisha Jumatatu, injini inakata roho Jumanne. Kwa nini isife Jumapili?

— Jumapili wamefunga, alisema Mama Kahawa.

— Cheka, mama, cheka. Mimi nina jamaa yangu, gari lake lilizima siku moja baada ya waranti, na alikuwa hajaliwasha! Lilizima likiwa limezimwa!

— Lilizimaje likiwa limezimwa?

— Ndiyo hicho kidude sasa!

Jaji alipiga ubao kwa kiganja.

— Nakubaliana na fundi kwa asilimia zote, ndiyo maana nasema achukue mpango. Akiwa na mpango, kile kidude kinachanganyikiwa. Kilipangiwa Jumanne, Jumanne inafika, kinakuta mkataba mwingine. Kinaahirisha. Ni sheria hiyo.

— Sheria ya wapi?

— Ya vidude.

— Nyie wanaume mna matatizo, Mama Kahawa alisema akimwaga masalia ya kikombe kwenye vumbi. Mimi gari sina wala sitaki, lakini najua biashara. Mtu akikuuzia kitu kipya, halafu papo hapo akakuuzia dawa ya kukitibu, mwogope. Ni kama mshenga anakuletea bwana harusi, halafu anakuuliza, na jeneza je, nikuwekee?

Kijiwe kizima kilicheka, hata Mzee Breki. Alicheka kwa nusu ya uso, nusu nyingine ikiwa inaitazama simu. Mawazo yake yalikuwa yameshafika mchana: gari limesimama mlangoni kwake, limeoshwa, funguo mbili juu ya meza, na simu inasubiri mwisho wa mwezi.

— Mzee, mbona unaitazama simu tu? Spana aliuliza. Hebu sema ukweli, moyo wako uko wapi?

— Moyo wangu unataka swali jingine, alisema Mzee Breki, na wote wakadhani anatania.

Kumbe kwenye ubao alikuwepo mtu wa tano. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja kuzibiwa pancha. Gari lake dogo lilikuwa limeinuliwa kwa jeki pembeni, na tairi lake ndilo Spana alilokuwa amelitelekeza kwa ajili ya kidude. Alikuwa amekaa kimya, mkoba mapajani, na ubao ulikuwa umeshamtelezesha mpaka bega lake likagusa la Mzee Breki. Sasa akageuka.

— Samahani baba yangu, mimi mpita njia tu. Nimesikia mnasema wiki tatu. Binti yako anapiga kila siku?

— Kila siku.

— Na kila siku mnazungumza mpango huu?

— Huu huu.

— Kwani nyinyi wawili hamna jambo jingine la kuzungumza?

Hakuliuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa. Spana aliliendea tairi, akalipiga nyundo mara moja, akaliacha. Mama Kahawa aliinua birika akamimina kahawa kwenye kikombe cha Mzee Breki kilichokuwa kimejaa, ikafurika mpaka ubaoni.

Mzee Breki alitafuta. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko yote mbele ya askari wa barabarani. Mama yake binti alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa anazungumza na mtoto. Mzee Breki alikuwa anakaa pembeni na kusema, "Mwambie namsalimu." Alimjua mtoto wake kwa kumsikia akizungumza na mtu mwingine. Kisha yule mtu mwingine akafa, na simu ikabaki na wawili wasiojua pa kuanzia.

Simu ikalia.

Masikio yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo aliweka sauti ya wazi, na kijiwe chote kikasikia.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mama.

— Baba, nimetoka mara moja tu, nimesimama hapa koridoni. Yadi wananisumbua. Leo ni ndiyo au hapana.

Jaji aliinua kidole. Mama Kahawa akakishika akakishusha. Mzee Breki alikuwa na kile kidude cha Jumanne mdomoni, tayari. Lilikuwa swali zuri sana, lingedumu hata siku mbili. Aliona uso wa yule mwanamke ukimtazama bila haraka.

— Hapana, alisema. Waranti ya kiwanda inatosha. Rangi nitaiosha mwenyewe.

— Kweli, baba?

— Kweli.

— Haya. Afadhali, maana hata mimi niliona hivyo. Basi nawaambia. Sauti yake ikawa ya mtu anayeaga. Haya baba...

— Ngoja, mama.

— Nini tena? Vioo?

— Si vioo. Gari lako la huko. Bado unalaza mguu kwenye klachi?

— Baba! Gari la huku halina klachi.

— Mguu wa kushoto sasa unafanya kazi gani?

— Haufanyi kazi. Alicheka kidogo, kisha hakucheka. Unakaa tu, baba. Unakaa tu mpaka nafika.

— Na wangu hivyo hivyo.

— Wako si mchana huu unaingia kazini? Gari lipo, unalichukua, unakwenda zako.

— Gari lipo, mama. Abiria ndiye sina.

Upande wa pili ilisikika sauti ya mlango ukifunguliwa, ya binti akisema neno moja kwa lugha nyingine kumjibu mtu aliyemwita, halafu mlango ukifungwa taratibu. Kisha kiti kikaburutwa sakafuni, na binti akakaa, simu ikiwa bado wazi.