Tumbo la Joldosh

Ndani ya basi dogo kutoka soko la Osh, hapa Bishkek, mama mmoja muuza jibini kavu alimuuliza jirani yake anakwenda wapi. Yule bwana, Joldosh, fundi wa kuchomelea vyuma, akajibu bila kuficha kwamba anakwenda kwa daktari wa akili. Abiria tukageukia madirisha, masikio tukayaacha palepale.

"Unaumwa nini, kaka?"

"Hapo ndipo penye shida. Kila nikienda daktari ananiuliza najisikiaje moyoni. Mimi nasikia tumbo tu."

"Si uende kwa daktari wa tumbo."

"Nilikwenda. Akasema tumbo ni zima kabisa. Juzi binti yangu alipiga simu kutoka Moscow. Alipokata tu, likabana mpaka nikakaa chini."

"Hiyo ni huzuni, hata mbuzi anaijua. Mwambie una huzuni, akupe vidonge, yaishe."

"Huenda ni huzuni. Huenda ni hasira, maana siku hizi hana muda na mimi. Siwezi kuzitofautisha, dada. Nikibahatisha jina, atanitibu ugonjwa wa mtu mwingine."

"Sasa utamwambia nini?"

"Kwamba simu ilikatwa, tumbo likabana. Tutaanzia hapo, hata ikichukua mwaka."

"Mwaka mzima kwa tumbo," mama alisema, akitutazama tumuunge mkono. Tukarudisha macho madirishani.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Joldosh akavaa kofia, akapita katikati ya magoti yetu, akashuka. Mama akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti hasira nayo hukaa tumboni?"