Onyo Lililobaki Ndani ya Kompyuta

Ndani ya basi, muuguzi aliyekaa mbele yangu alikuwa akimwakia shemeji yake, mtunga programu. "Friji imepata joto, chanjo zimeharibika, na kazi inanitoka mimi. Onyo la programu yako liko wapi?"

"Shemeji, programu iliandika onyo kwa fputs, amri ya kuandika kwenye faili. Maneno husubiri kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yakijaa ndipo yanatoka. Umeme ulikatika yakiwa humo."

"Hakuna namna ya kuyatoa papo hapo?"

"Ipo. Mstari mmoja tu wa programu. Niliusahau."

Mstari huo nilifundishwa wiki ya pili, darasa la jioni la kompyuta, nikiwa na miaka sitini.

"Basi twende ukawaambie wakubwa wangu kikaoni."

"Hawataelewa."

"Mimi nimeelewa, na sijasoma kompyuta."

Basi likasimama mbele ya zahanati. Muuguzi akashuka. Shemeji yake alikuwa bado akitafuta mkoba wake, nao uko mapajani.